Mtoto ana lake, mlezi ana lake: Mzazi aliye safarini amwamini nani?

KWA mfanyabiashara wa Kampala anayefuata bidhaa Kariakoo, Gikomba au Dubai, habari za nyumbani humfikia kwa simu. Aliye upande wa pili wa simu mara nyingi ni yaya, jjajja wa watoto au mwalimu wa bweni. Taarifa huwa fupi: mtoto amekuwa mkaidi, anapigana, ametoroka darasani, ameiba. Uamuzi nao hutolewa papo hapo, mzazi akiwa bado kwenye foleni ya Mutukula au Busia. Achapwe. Ahamishwe shule. Apelekwe kijijini.

Mara nyingi katika mazungumzo hayo mtoto mwenyewe hajaulizwa. Na akiulizwa, anaweza kusimulia habari nyingine kabisa. Mlezi anasema kiburi. Mtoto anasema halali usiku kwa hofu. Mwalimu anasema uvivu. Mtoto anasema kuna wakubwa wanaomnyang'anya chakula. Mzazi hujikuta ana taarifa mbili za mtoto mmoja, na kwa mazoea huchukua ile ya mtu mzima.

Utafiti wa miongo kadhaa, ukiwamo uliofanyika Uganda, unaonyesha kuwa mazoea hayo yana gharama. Kauli ya mtoto na ya mlezi zinaweza kutofautiana bila yeyote kati yao kusema uongo, kwa kuwa kila mmoja anaeleza upande wa jambo alioushuhudia. Mzazi anayeshika taarifa moja na kuitupa nyingine huenda akatibu nusu ya tatizo, au akaadhibu dalili huku ugonjwa ukiendelea.

Tofauti ni jambo la kawaida

Swali la nani anajua tabia ya mtoto lilipimwa kwa upana mwaka 1987, wakati Thomas Achenbach wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, na wenzake wawili walipokusanya matokeo ya tafiti 119. Walitazama ni kwa kiasi gani watu tofauti wanaomfahamu mtoto mmoja hukubaliana kuhusu matatizo yake. Kipimo walichotumia huanzia sifuri, maana yake kauli za pande mbili hazina uhusiano wowote, hadi moja, maana yake zinakwenda sambamba kabisa.

Watu wanaomwona mtoto katika mazingira yaleyale, kama vile baba na mama, au walimu wawili, walifikia 0.60. Wanaomwona katika mazingira tofauti, kama mzazi na mwalimu, walifikia 0.28 tu. Mtoto mwenyewe alipolinganishwa na watu wengine, kipimo kilishuka hadi 0.22. Kwa lugha ya sokoni, aliyesikiliza upande mmoja alikuwa bado hajajua sehemu kubwa ya yale ambayo upande wa pili ungemwambia.

Wapo waliodhani kuwa maswali yakiboreshwa tofauti hiyo itatoweka. Haikutoweka. Mwaka 2015 Andres De Los Reyes wa Chuo Kikuu cha Maryland na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti 341 zilizofanyika baada ya zile za mwanzo. Wastani wa makubaliano ulikuwa 0.28.

Wala si jambo la Wamarekani peke yao. Mwaka 2013 Leslie Rescorla na wenzake walilinganisha majibu ya wazazi na ya vijana wao kutoka jamii 25 za mabara mbalimbali. Kwa jumla, vijana walitaja matatizo mengi zaidi kuliko yale ambayo wazazi wao waliyataja kuwahusu. Ukubwa wa pengo ulitofautiana kati ya jamii na jamii, lakini mwelekeo ulikuwa mmoja: kuna mambo kijana anayabeba ambayo mzazi hayaoni.

Kila jicho na pembe yake

Sababu ya kwanza ni mahali mtu anaposimama. Yaya anamwona mtoto asubuhi ya haraka na jioni ya uchovu. Mwalimu anamwona katikati ya darasa lililojaa, ambamo anayepiga kelele ndiye anayeonekana na aliyenyamaza kwa huzuni huhesabiwa kuwa mtulivu. Mtoto yuko kote huko, na yuko pia njiani, bwenini na kitandani usiku, mahali ambapo hakuna mtu mzima anayetazama.

Sababu ya pili ni aina ya tatizo. Mapitio ya mwaka 1987 yalionyesha kuwa makubaliano ni makubwa zaidi kwa tabia za nje, kama ugomvi na ukaidi, kuliko kwa mambo ya ndani, kama hofu na huzuni. Hilo halishangazi. Dirisha lililovunjwa linaonekana na kila mtu, ila moyo uliovunjika hauna shahidi zaidi ya mwenyewe.

Sababu ya tatu ni kipimo anachokitumia kila mmoja. Katika Buganda, mtoto hupimwa kwanza kwa empisa, yaani adabu na mwenendo mwema mbele ya wakubwa. Anayesita kupiga magoti kumsalimu mgeni anaweza kuitwa mtovu wa nidhamu katika nyumba moja, na katika nyumba ya jirani asiyefuata desturi hiyo hakuna atakayeliona hilo. Neno "mkaidi" linalosemwa kwenye simu limebeba kipimo cha msemaji, na msikilizaji aliye mbali hawezi kujua limetoka wapi.

Ya nne ni hali ya mlezi mwenyewe. Mlezi aliyechoka, anayedai mshahara wa miezi miwili au anayelea watoto sita peke yake hana subira ileile ya mtu aliyepumzika. Kosa dogo humwonekea kubwa. Zaidi ya hapo, taarifa ya mlezi inaweza kuwa ya kujikinga. Anayejua kwamba ataulizwa kwa nini mtoto amekonda ana sababu ya kutangulia kusema kwamba mtoto anakataa kula.

Mtoto naye ana sababu zake. Anaogopa fimbo, anaogopa kumponza mlezi anayempenda, au anaogopa kubaki peke yake na mlezi huyo baada ya mzazi kuondoka tena kwa basi la usiku. Mtoto mdogo hana maneno ya kutenganisha hasira na huzuni. Kijana mgomvi anaweza kuamini kwa dhati kwamba wenzake ndio wanaomchokoza kila siku. Kwa hiyo kuichukua kauli ya mtoto kama msahafu kungekuwa kosa lilelile likitazama upande mwingine.

Uganda ilipowauliza watoto wenyewe

Uganda ina mifano ya wazi ya kile kinachojitokeza watoto na vijana wanapoulizwa moja kwa moja. Mwaka 2018 Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ilitoa ripoti ya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotokana na mahojiano ya mwaka 2015 na vijana wa miaka 13 hadi 24. Vijana walihojiwa wenyewe, faraghani. Miongoni mwa waliokuwa na miaka 18 hadi 24, watatu kati ya wanne walisema walipata aina fulani ya ukatili utotoni. Waliopigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa mwili walikuwa asilimia 59 ya wanawake na asilimia 68 ya wanaume. Waliofanyiwa ukatili wa kingono walikuwa asilimia 35 ya wanawake na asilimia 17 ya wanaume.

Takwimu hizo zisingepatikana kwa kuwauliza wakuu wa kaya. Baadhi ya waliotenda ni watu wa nyumbani, na wengine hawakuwahi kujua kilichompata mtoto aliyelala chumba cha pili. Hapo ndipo uhusiano na tabia unapoonekana: mtoto aliyeumizwa mara nyingi huonekana kwa wakubwa kama mtoto aliyeharibika. Ugomvi, utoro, kukojoa kitandani na ukimya wa ghafla vinaweza kuwa lugha ya jambo ambalo mlezi halijui, au analijua na hataki lijulikane.

Mfano wa pili uko Luwero, kaskazini mwa Kampala. Shirika la Raising Voices lenye makao yake Kampala liliandaa mpango wa kubadili mwenendo wa shule nzima ili kupunguza viboko, na watafiti wakiongozwa na Karen Devries wa London wakaupima katika shule za msingi 42. Kabla ya mpango kuanza, zaidi ya wanafunzi 90 kati ya 100 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa mwili na mfanyakazi wa shule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa katika shule zilizopata mpango, asilimia 31 ya wanafunzi walisema walifanyiwa ukatili huo katika wiki iliyotangulia, dhidi ya karibu asilimia 49 katika shule nyingine. Kipimo kikuu cha mafanikio kilikuwa kauli za wanafunzi wenyewe. Laiti wangeulizwa walimu peke yao, wangekuwa wanajipimia wenyewe. Mwaka uliofuata marekebisho ya Sheria ya Watoto yakapiga marufuku adhabu ya viboko shuleni.

Walezi nao wana wanachokijua

Upande wa pili wa mizani ni mradi wa SMART Africa, ulioanza mwaka 2016 katika eneo pana la Masaka, kwenye barabara ileile inayotumiwa na wafanyabiashara waendao Mutukula na Bukoba. Uliongozwa na Fred Ssewamala, mtaalamu mzaliwa wa Uganda anayefundisha Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, pamoja na wenzake. Watoto zaidi ya 2,400 wa shule za msingi walichujwa kwa kutumia majibu ya walezi wao. Takriban 6 kati ya 100 walionekana kuwa na ukaidi uliopita kiasi, na 2 kati ya 100 dalili za mwenendo mbaya zaidi, kama ukatili kwa wengine na uvunjaji wa sheria.

Idadi hiyo ni ndogo kuliko malalamiko ya vyumba vya walimu yanavyoweza kumfanya mtu adhani. Mlezi akiulizwa swali moja moja, kwa utulivu, kuhusu tendo moja moja, hutoa picha iliyo sawia kuliko anapolalamika kwa simu. Tabia za nje za watoto wa umri huo, kati ya miaka 8 na 13, ni jambo ambalo macho ya mlezi huliona vizuri.

Kilichofuata kinawahusu wazazi moja kwa moja. Familia kadhaa zilikutanishwa pamoja, watoto na walezi chumba kimoja, kwa vikao 16. Walizungumzia kanuni za nyumbani, wajibu wa kila mmoja, mahusiano, mazungumzo yenye heshima, msongo wa maisha na msaada wa jamii. Vikao viliongozwa na wazazi wenzao waliofundishwa, au na wahudumu wa afya wa jamii. Dalili za ukaidi zilipungua. Hakuna aliyeamua kwanza nani mkweli na nani mwongo. Pande mbili zilisikiana mbele ya wengine.

Kampala kwenyewe, watafiti wa kitengo cha MRC na UVRI cha Entebbe wakiongozwa na Eugene Kinyanda walichunguza watoto na vijana 1,339 wanaoishi na VVU, wenye miaka 5 hadi 17, pamoja na walezi wao, katika kliniki za jiji hilo na za Masaka. Takriban 17 kati ya 100 walikuwa na angalau tatizo moja la hisia au la tabia, wakiwamo wenye wasiwasi na sonona. Kwa mtoto wa namna hiyo, anayekataa dawa na kujibu kwa ukali, mlezi anaweza kuona utundu tu. Bila kumsikia mtoto, hofu iliyo chini ya utundu huo haiwezi kutibiwa.

Gharama ya kusikiliza upande mmoja

Kwa familia ya mfanyabiashara, gharama ya kwanza ni ya fedha. Mtoto anayehamishwa shule kila mwaka kwa sababu ya "tabia" hulipiwa ada mpya, sare mpya na godoro jipya, huku sababu ikihama pamoja naye. Kama tatizo lilikuwa ni uonevu wa bwenini, bweni jipya linaweza kuwa na wakubwa wake. Kama lilikuwa ni mjomba wa nyumbani, kila likizo humrudisha mtoto mikononi mwake.

Gharama ya pili ni ya kisheria. Nchini Uganda mtoto anaweza kubeba dhamana ya jinai kuanzia miaka 12. Kosa linaloripotiwa polisi na mlezi mwenye hasira linaweza kumfikisha kijana kwenye mahabusu ya watoto ya Naguru, na baadaye Kampiringisa wilayani Mpigi. Sheria inampa afisa ustawi wa jamii kazi ya kuandaa taarifa kuhusu hali ya mtoto na nyumbani kwake kabla ya mahakama kutoa amri. Taarifa hiyo ikijazwa kwa maneno ya upande mmoja, amri itafuata upande huo. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 12 kinataka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu.

Gharama ya tatu haionekani upesi. Mtoto aliyesema ukweli mara moja akaitwa mwongo huwa hasemi mara ya pili. Siku atakapopatwa na jambo kubwa zaidi, mzazi hatapata hata ile taarifa ya pili ya kulinganisha.

Kampala ina ugumu wake wa ziada, ule wa lugha. Wazazi kutoka Congo na Sudan Kusini huwaacha watoto katika shule za Uganda, wakati yaya wa Kampala anaweza kuwa ametoka Karamoja au Kabale. Mtoto anafikiri kwa Kiswahili cha Goma, mwalimu anamhoji kwa Kiingereza, mlezi anaeleza kwa Kiganda. Kabla kauli ya mtoto haijamfikia mzazi, imepita mikono mitatu, na aliye na lugha dhaifu zaidi kati ya wote ni mtoto.

Kinachowezekana kufanyika

Dodoso za kumsaidia mtu asiye mtaalamu zipo. Iliyoenea zaidi ni ile iliyotungwa na Robert Goodman wa Uingereza mwaka 1997. Ina maswali 25 kuhusu hisia, mwenendo, utulivu, marafiki na ukarimu wa mtoto. Mzazi na mwalimu hujaza nakala zao, na mtoto kuanzia miaka 11 hujaza yake. Ipo kwa Kiswahili. Haitoi hukumu ya ugonjwa, lakini inaziweka kauli za pande zote mezani zikiwa zimejibu maswali yaleyale. Shule ya bweni inayodai orodha ndefu ya mahitaji kila muhula haishindwi kuongeza karatasi mbili, moja ya mlezi na moja ya mwanafunzi. Nchi za Jumuiya ambazo watoto wao husoma kwa majirani zingenufaika zikitumia tafsiri moja iliyohakikiwa, ili taarifa ya mtoto aliyehama kutoka Kampala isomeke Mwanza au Eldoret.

Mzazi asiye na karatasi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mdomo. Jambo la kwanza ni kukataa majina na kudai matukio. "Amekuwa mbaya" haina maana. Alifanya nini, siku gani, saa ngapi, mara ngapi kwa wiki, nani alikuwepo? La pili ni kuuliza kila upande peke yake. Mtoto anayeongea kwenye simu iliyoshikwa na yaya, sauti ikiwa wazi, hajaulizwa. Siku ya kutembelea wanafunzi bwenini, nusu saa ya kutembea uwanjani wawili tu ina faida kuliko kuku wa kukaanga anayeliwa mbele ya ndugu wote. La tatu ni kutazama mahali taarifa zinapogongana. Mtoto akiwa mgomvi shuleni na mtulivu nyumbani, swali linaelekea shuleni. Akiwa mgomvi nyumbani tu, swali linaelekea nyumbani.

Mfanyabiashara wa mpakani anaujua utaratibu huu. Ankara ikisema katoni 200 na hesabu ya forodhani ikatoa 180, hakuna anayemaliza shauri kwa kuchagua namba anayoipenda. Mzigo hufunguliwa.

Waganda walikuwa na njia yao ya kuufungua. Ssenga, yaani shangazi, alikuwa sikio la msichana kwa mambo ambayo mama hakuweza kuambiwa, na jjajja alikuwa kimbilio la mjukuu. Pwani, kazi ya namna hiyo ilifanywa na somo. Wazee walielewa kuwa mtoto hasemi maneno yaleyale kwa kila mkubwa, wakamwekea mkubwa mwingine asiye na fimbo mkononi. Katika nyumba za kupanga za Kampala, ambako ssenga yuko mbali au naye yuko safarini, nafasi hiyo imebaki wazi. Mzazi anayesafiri anaweza kuijaza kwa makusudi: kumteua mtu mmoja ambaye hakai na mtoto wala hamlipii ada, na ambaye mtoto ana ruhusa ya kumpigia wakati wowote.

Pale kauli ya mtoto inapotaja kuumizwa, kuguswa vibaya au kutaka kufa, kulinganisha hakungoji safari iishe. Uganda ina namba ya bure ya kusaidia watoto, Sauti 116, na hospitali ya taifa ya Butabika ina huduma za afya ya akili kwa watoto. Mlezi aliyetoa taarifa tofauti ataulizwa baadaye. Mtoto anaondolewa kwanza mahali pa hatari, kisha hesabu za pande zote mbili zinafunguliwa.